Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: saratani ya mapafu, kipimo cha jeni, na nani hasa apimwe

Mimi nafanya kazi maabara ya patholojia. Kazi yangu ya kila siku ni kupokea vinyama vilivyotolewa kwa wagonjwa, kuvigandisha kwenye nta, kuvikata vyembamba na kuvipaka rangi ili daktari wa patholojia avisome kwenye darubini. Sio daktari, lakini ndugu wa mgonjwa akija dirishani kuulizia majibu mtu wa kwanza kumwona ni mimi, kwa hiyo maswali yote yananiangukia mimi, na miaka hii ya karibuni ya saratani ya mapafu na hivi vipimo vya jeni yamekuwa mengi kweli kweli. Nimeyaandika hapa vile vile yanavyoulizwa. Mambo ya dawa ni ya daktari wako wa saratani, haya ni ya kukusaidia ukikaa mbele yake ujue cha kumuuliza.

Mama yangu hajawahi kushika sigara tangu azaliwe, inakuwaje aambiwe ana saratani ya mapafu?

Hili ndo la kwanza kila wiki, na mara nyingi linaulizwa kwa aibu, kama vile mgonjwa ameficha kitu. Hajaficha. Sigara ndo chanzo kikubwa kuliko vyote, hilo halina ubishi, lakini duniani kati ya watu 100 wenye saratani ya mapafu, kati ya 10 na 25 hawakuwahi kuvuta, inategemea na nchi. Sasa chukua wagonjwa wapya wa mwaka 2022 ambao walikuwa kama milioni 2.5, halafu piga hesabu mwenyewe uone hao wasiovuta ni umati kiasi gani. Wengi wao ni wanawake.

Inatoka wapi? Hewa chafu ya nje, ya magari na viwanda, tangu 2013 imewekwa rasmi kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani. Moshi wa makaa ya mawe yanayochomwa ndani ya nyumba nao umo humo humo, wanawake wa Xuanwei kule China waliumia sana kwa hayo. Moshi wa kuni uko hatua moja chini, umewekwa kundi la vitu ambavyo inaelekea vinasababisha. Kwa hiyo mama aliyepika miaka 30 kwenye jiko la mafiga, dirisha dogo, mtoto mgongoni, huyo siwezi kumwambia kifua chake hakijaguswa na moshi.

Kuna kazi moja nzuri sana ilifanyika London na timu ya Charles Swanton, ilitangazwa 2022. Walichunguza mapafu ya watu ambao hawana saratani kwenye pafu hilo wakakuta asilimia 18 ya sampuli tayari zina seli chache zenye mabadiliko ya EGFR, zimekaa kimya tu. Vumbi dogo dogo la hewa chafu likiingia linaleta uvimbe na hasira ndani ya pafu, na hiyo hasira ndo inaziamsha zile seli. Yaani mbegu ilikuwepo, moshi ukaimwagilia maji.

Hayo mabadiliko ya jeni ni kitu gani hasa?

Ndani ya kila seli kuna maandishi, herufi kama bilioni 3, yanayoielekeza seli ikue lini na iache lini. Jeni ni aya moja ya maandishi hayo. Jeni inayoitwa EGFR inatengeneza kitu kinachokaa kwenye ngozi ya seli kama kitufe cha kengele mlangoni, mjumbe akija akibonyeza, ndani wanajua sasa tukue, akiondoka kengele inanyamaza. Ikibadilika, kitufe kinakwama chini. Kengele inalia usiku na mchana, hakuna mtu mlangoni, na seli zinagawanyika tu.

Mabadiliko ya EGFR yanayoonekana zaidi ni mawili, hayo tu yanachukua karibu 85 mpaka 90 kati ya 100. La kwanza ni kipande kilichokatika kwenye eksoni 19 (eksoni ni sehemu moja ya jeni, zina namba), mara nyingi herufi 15 zimepotea. La pili ripoti itaandika L858R, nalo ni herufi MOJA imebadilika kati ya hizo bilioni, kwenye nafasi ya 858 ya protini inayotengenezwa na jeni hiyo ilitakiwa kuwepo kiungo kinachoitwa leusini, imekaa arginini. Nikilifikiria hili nikiwa na slaidi mkononi huwa nanyamaza kidogo. Herufi moja.

ALK ni tofauti. Pale kipande cha kromosomu namba 2 kinachomoka, kinageuka kichwa chini miguu juu, kinarudi kushikana na jeni nyingine inaitwa EML4. Ni kama kitabu kimechanika kurasa mbili zikabandikwa pamoja kimakosa, halafu sentensi inayotokea inasema "kua, kua, kua". Zipo na nyingine, ROS1, RET, BRAF, MET, HER2, NTRK, KRAS. Nyingi kati ya hizo kila moja inapatikana kwa wagonjwa wachache tu, mmoja wawili mpaka wanne kati ya 100, ila ukizijumlisha zote si kidogo.

Kama ni jeni basi sisi watoto tumeshairithi?

Hapana, kwa karibu watu wote jibu ni hapana. Haya mabadiliko yametokea ndani ya pafu la mgonjwa ukubwani, hayapo kwenye mbegu wala yai, hakuna alichompa mtoto. Zipo familia chache sana duniani zinazozaliwa na badiliko la EGFR linaloitwa T790M, daktari akiliona hilo kwa mgonjwa ambaye hajawahi kumeza dawa yoyote ya saratani atauliza habari za familia. Nje ya hapo msije mkaanza kunyoosheana vidole ukoo mzima. Nimeshaona ndoa inataka kuvunjika kwa neno "jeni" tu lililotamkwa bila maelezo.

Tumesoma kwamba EGFR ni ya wanawake wa Asia wasiovuta sigara. Sisi Waafrika tunapoteza hela kupima?

Hapa nitakaa kwa sababu kwangu hili ndo swali lenyewe.

Ni kweli takwimu zinatofautiana. China na Japan karibu nusu ya wenye adenokasinoma, aina ya saratani ya mapafu inayoanzia kwenye seli za kutoa ute, wana badiliko la EGFR, Ulaya na Marekani ni 10 mpaka 15 kati ya 100. Ni kweli wanawake wanaipata zaidi ya wanaume na wasiovuta zaidi ya wavutaji. Lakini hizo ni habari za kundi, wewe umemleta mama yako peke yake. Na Afrika wagonjwa waliopimwa ni wachache mno, hazina kubwa za taarifa za jeni duniani zimejaa watu wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo mtu akikwambia "Waafrika hatuna hiyo" muulize amewapima wangapi.

Ngoja nikupe mfano ambao ulibadilisha tiba ya huu ugonjwa. Dawa ya gefitinib, kidonge cha kuzima kile kitufe cha EGFR, ilipotoka, Japan waliiruhusu 2002 na Marekani 2003, wagonjwa wengi haikuwasaidia kitu lakini wachache walinyanyuka kitandani. Madaktari wakaanza kuangalia sura ya hao wachache, wakaona wanawake, wasiovuta, watu wa Asia, adenokasinoma. 2004 watafiti wa Boston na New York wakagundua kumbe wana badiliko kwenye EGFR. Ikabaki swali, je tuchague mgonjwa kwa sifa zake au kwa kumpima?

Ukaja utafiti unaitwa IPASS, ukiongozwa na Tony Mok wa Hong Kong, majibu yakatoka 2009. Walichukua wagonjwa 1,217 wa Asia Mashariki wenye sifa zote hizo, adenokasinoma, hawajavuta au walivuta kidogo wakaacha zamani, wengi wao wanawake. Nusu wakapewa gefitinib, nusu kemo. Waliopimwa jeni wakapata majibu walikuwa 437, na pamoja na kuchujwa kote kule, wenye badiliko walikuwa 261, yaani kama 60 kati ya 100. Hao wenye badiliko uvimbe ulipungua kwa 71 kati ya 100 waliokunywa gefitinib, kwenye kemo 47. Sasa sikiliza upande wa pili, wale ambao sifa zote wanazo ila badiliko hawana, gefitinib ilimsaidia mmoja tu kati ya 91. Mmoja! Wenzao waliopewa kemo ilipunguza kwa karibu robo yao.

Kwa hiyo hata pale ambapo sifa zinabashiri vizuri kuliko sehemu yoyote duniani, ukimpa mtu dawa kwa kumwangalia usoni unakosea kwa wanne kati ya kumi, na unawanyima muda wao. Sifa za mgonjwa zinakwambia uwezekano, kipimo ndo kinakwambia ukweli. Mimi kila nikiona fomu imeandikwa "mwanaume, mvutaji, hana haja ya kupimwa jeni" roho inaniuma.

Basi baba yetu alivuta pakiti moja kwa siku miaka 40, huyo naye apimwe?

Apimwe. Kwa mvutaji kinachotegemewa zaidi ni KRAS, kwa nchi za Magharibi inapatikana kwa robo mpaka karibu theluthi ya wenye adenokasinoma. Moshi wa sigara unaandika makosa mengi sana, ilishapimwa kwamba pakiti moja kwa siku kwa mwaka mmoja inaacha mabadiliko kama 150 kwenye kila seli ya pafu. Zidisha kwa miaka 40 ya mzee.

Zamani KRAS ilikuwa inaandikwa kwenye ripoti basi, hakuna cha kufanya, miaka karibu 40 tangu ijulikane hakuna dawa iliyoweza kuishika. 2021 Marekani wakaruhusu sotorasib kwa aina moja ya KRAS inayoitwa G12C, ambayo ndo ya wavutaji hasa. Kwa hiyo hata hiyo sasa hivi ina maana kujulikana.

Na hii ninaipenda kuwaambia watu, ALK ambayo vitabu vyote vinasema ni ya vijana wasiovuta, iligunduliwa Japan 2007 na timu ya Hiroyuki Mano. Kinyama walichoitolea kilikuwa cha mwanaume wa miaka 62. Mvutaji.

Umri nao unahusika?

Kidogo. ALK na ROS1 zinapenda watu wa umri mdogo zaidi, wengi kwenye miaka 50 hivi na hata chini ya hapo, nimeshakata kinyama cha kijana wa miaka 31. MET ya eksoni 14 inapenda wazee wa 70 na kuendelea. Lakini jibu la kivitendo ni lile lile la juu.

Saratani zote za mapafu zinapimwa jeni?

Sio zote. Kuna aina ya seli ndogo, kama 15 kati ya 100, hii inaenda haraka, karibu wote ni wavutaji, jeni mbili za kuzuia ukuaji, TP53 na RB1, zimeharibika, na vidonge vya kulenga jeni kama gefitinib havina kazi pale, kemo inaanza mapema. Zinazobaki 85 ni zile zisizo za seli ndogo. Ndani yake adenokasinoma ndo ya kupimwa bila kujadiliana. Skwamasi, aina nyingine humo humo, inapimwa hasa kama mgonjwa hajavuta, ni kijana, au kinyama kilikuwa kidogo na mpatholojia hana uhakika kama ni skwamasi tupu.

Alitibiwa TB miezi sita hajapona, ndo wanasema saratani. Tumechelewa?

Hili limenikuta nyumbani kwangu kwa hiyo nisameheni nikiandika kwa uchungu.

Mama mdogo alianza kukohoa, kukonda, jasho la usiku. Makohozi yalipimwa mara mbili hayana kitu. Eksirei ikaonyesha doa upande wa kulia juu, akaanzishiwa dawa za TB kwa kuangalia eksirei tu, maana kwetu kifua chenye doa ni TB mpaka ithibitike vingine. Mwezi wa pili doa halijapungua, mwezi wa nne limekua, wakasema maliza dozi. Akamaliza dozi yote. Mwezi wa saba akajaa maji kwenye pafu, wakamtoa lita moja na nusu ya maji yenye damu damu, na yale maji, mimi nikiwa njiani nakuja, yakamwagwa kwenye sinki. Nilipofika niliona chupa tupu imesuuzwa. Yale maji ndo yalikuwa jibu, ndani yake kulikuwa na seli za kutosha kupima kila kitu.

Alikuja kupimwa kwa maji ya mara ya pili, wiki tatu baadaye. Eksoni 19.

Simlaumu mtu kwa kufikiria TB kwanza, TB kwetu ni nyingi na inatibika. Ila kama makohozi hayana TB kwa kipimo cha GeneXpert, na mwezi mmoja au miwili ya dawa doa halijasogea, omba CT skani na bayopsi (kutolewa kinyama cha kupima), usisubiri dozi iishe. Sema kwa adabu lakini sema. Na maji yakitolewa kifuani, uliza kabla sindano haijaingia: yanakwenda maabara? Yakifika kwetu tunayazungusha kwenye mashine, seli zinashuka chini kama mashapo ya togwa, tunazigandisha kwenye nta zinakuwa bloku kama kinyama kingine chochote.

Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi. Rifampicin iliyomo kwenye dawa za TB inalifanya ini lichome haraka vidonge vya saratani, gefitinib, erlotinib, hata osimertinib, kiwango kwenye damu kinashuka mpaka kubaki sehemu ndogo tu. Mgonjwa mwenye vyote viwili lazima daktari wa TB na wa saratani waongee. Wa ARV pia ataje dawa zake zote, baadhi zinagongana.

Mbona wanataka kumtoa kinyama tena wakati walishamtoa?

Kuna sababu mbili tatu, na nyingine ni makosa yetu sisi watu wa hospitali.

Kinyama cha pafu kinachotolewa kwa sindano ni kama kipande cha uzi, urefu wa punje ya mchele au pungufu. Nakigandisha kwenye nta, nakikata kwa wembe wa mashine vipande vya unene wa maikroni 4, vinatoka kama utepe, nauelekeza juu ya maji ya uvuguvugu unyooke, nauokota na slaidi. Kila slaidi ni kinyama kimepungua. Kwanza daktari anaangalia kama ni saratani, halafu rangi za kujua ni ya pafu au imetoka kwingine, na hapo ukifika kwenye jeni mara nyingine nafungua bloku imebaki nta tupu. Mashine nyingi zinataka seli za saratani zisipungue 10 mpaka 20 kati ya 100, damu na kovu havihesabiki.

Sababu ya pili ni fomalini. Kinyama kikitoka kinatakiwa kuingia kwenye fomalini ya asilimia 10 iliyo sahihi hapo hapo, kikae saa 6 mpaka 72, kisha kishughulikiwe. Napokea vichupa vyenye spiriti, vyenye maji ya chumvi, vingine vimekaa kwenye fomalini wiki mbili kabatini kwa sababu ndugu alikuwa anatafuta nauli ya kuvileta. Kwenye darubini saratani bado inaonekana, lakini DNA imeshakatika katika kama karatasi iliyonyeshewa, mashine inasoma haielewi. Na kama kinyama ni cha mfupa kikalainishwa kwa asidi, habari ya jeni imekwisha.

Kwa hiyo ukikabidhiwa kichupa, kipeleke SIKU HIYO. Sio kesho kutwa.

Hakuna kipimo cha damu?

Kipo, na ni kizuri. Uvimbe unamwaga vipande vya DNA yake kwenye damu, mashine inavivua. Marekani walikiruhusu cha EGFR 2016. Kinafaa sana kwa mgonjwa ambaye hawezi kuchomwa sindano tena kifuani. Ila kielewe vizuri: kikisema ipo, ipo. Kikisema haipo, huenda uvimbe haumwagi vya kutosha, kwa hiyo unarudi kwenye kinyama.

Ripoti imeandika "haijaonekana", maana yake hana jeni yoyote?

Soma walipima nini. Kuna kipimo kinachoangalia EGFR peke yake, tena maeneo kadhaa tu, ni cha bei nafuu na kinatoka haraka. Kuna kingine kinasoma jeni nyingi kwa mpigo. Ripoti ya EGFR ikisema haijaonekana haijasema lolote kuhusu ALK wala ROS1. Nimeona familia imekata tamaa kwa karatasi ambayo ilijibu swali moja kati ya kumi. Angalia pia kama imeandikwa "sampuli haikutosha", hilo sio jibu hasi, hilo ni kwamba hakuna jibu.

Majibu yanachukua wiki mbili tatu, si tuanze tu imunotherapi tusipoteze muda?

Naelewa presha, mgonjwa anakohoa damu unaambiwa subiri. Lakini imunotherapi, yaani dawa za kuamsha kinga ya mwili ipigane na saratani, kwa wenye EGFR na ALK kwa ujumla inafanya kazi hafifu, hata kama kipimo cha PD-L1, kinachotumika kubashiri kama itafanya kazi, kiko juu. Na kuna hatari zaidi, mtu akipewa imunotherapi halafu baada ya muda mfupi akaanza osimertinib, uwezekano wa mapafu kuvimba vibaya unaongezeka, kwa sababu ile ya kwanza inabaki mwilini miezi. Kama hali ni mbaya haiwezi kungoja, madaktari wengi wanaanza na kemo pekee huku majibu yakisubiriwa. Muulize daktari wako hivyo hivyo, "tukianza na kemo tu mpaka jeni itoke, unaonaje?"

Hivyo vidonge vinafanya kazi kweli au ni kurefusha mateso?

Vinafanya kazi. Sio uponyaji kwa ugonjwa uliosambaa, nisikudanganye, lakini ni muda, na muda wenye nguvu za kutembea. Kwenye utafiti wa FLAURA wagonjwa wa EGFR walioanza na osimertinib nusu yao walivuka miezi 38, wale wa vidonge vya zamani miezi 31 na ushei. Kwa ALK, walioanza na kidonge kipya cha lorlatinib, 60 kati ya 100 baada ya miaka mitano ugonjwa ulikuwa haujasogea, wenzao wa kidonge cha zamani cha crizotinib walikuwa 8.

Mama mdogo wiki ya pili aliniomba ugali na dagaa. Alikuwa hajaomba chakula tangu mwezi wa tatu.

Madhara yapo: vipele usoni na kifuani, kuharisha, kucha kuvimba pembeni. Hayo yanatibika, msiache dawa kwa vipele. Kinachotakiwa kukimbizwa hospitali ni kikohozi kikavu kipya na pumzi kubana ghafla, hapo mapafu yanaweza kuwa yanavimba kwa dawa yenyewe. Erlotinib inamezwa tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya kula au saa mbili baada. Erlotinib na gefitinib hazipatani na omeprazole na dawa nyingine za kupunguza asidi ya tumbo, na watu kwetu wananunua omeprazole dukani kama pipi. Na anayeendelea kuvuta huku anameza erlotinib, moshi unapunguza dawa kwenye damu, kwa hiyo aambiwe ukweli huo bila kufokewa.

Ilifanya kazi mwaka na nusu, sasa uvimbe umerudi. Tumekosea wapi?

Hamjakosea popote. Saratani inatafuta njia nyingine, ndo tabia yake. Kwa vidonge vya kizazi cha kwanza, gefitinib na erlotinib, nusu ya wagonjwa na zaidi wanapata badiliko jipya, ile T790M, na osimertinib iliruhusiwa Marekani mwishoni mwa 2015 kwa ajili ya hao hasa. Wengine nakala za jeni ya MET zinaongezeka. Wachache adenokasinoma inageuka kuwa ya seli ndogo, inabadilisha sura kabisa, na hapo tiba ni kemo. Ndo maana wanaomba damu au kinyama upya.

Gharama je?

Ni kubwa, hasa osimertinib, na hapo ndo familia nyingi zinakwama. Ila gefitinib na erlotinib zipo za viwanda vya India kwa bei ya chini sana, na tangu 2019 Shirika la Afya Duniani limeziweka kwenye orodha ya dawa muhimu. Uliza bima yako kwa majina ya dawa, sio "dawa za saratani" tu. Kwenye hospitali kubwa za saratani, kama Ocean Road kwetu Dar es Salaam au Kenyatta kwa wa Nairobi, uliza pia ofisi ya ustawi wa jamii kama kuna mpango wa kampuni kulipia kipimo au dawa, mipango hiyo huja na kuondoka na huwa haitangazwi.

Wameniambia nichukue bloku niipeleke mwenyewe maabara nyingine, naibebaje?

Bloku ni mali ya mgonjwa kwa maana ya kwamba anayo haki ya kuiomba, njoo na barua ya daktari na kitambulisho, utasaini. Hakikisha namba iliyochorwa pembeni ya bloku inafanana na ya kwenye ripoti, soma tarakimu moja moja, na beba nakala ya ripoti. Haihitaji barafu. Inachoogopa ni joto, nta inayeyuka kwenye nyuzi 56 na kuendelea, na juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani panafika hapo na kupita. Ifunge kwenye pamba, weka kwenye kikopo kigumu, kikopo kwenye mkoba wako, na mkoba mapajani. Usimpe kondakta aiweke kwenye buti.